Soccer AM ilianzaje, ikafaje? Na hawa AFTV walitokea wapi? Wazee wa soka njooni

mwanjelwa_boy

Wakuu habari za jumapili. Jana kijiweni tulikuwa tunabishana kama kawaida, kuna jamaa mmoja shabiki wa Chelsea akaanza kuwaponda wale mashabiki wa Arsenal wa AFTV, ile chaneli ya YouTube, wanaopiga kelele nje ya uwanja timu ikifungwa, anasema hao ndio wameharibu mpira, zamani shabiki alikuwa anakaa kimya anaangalia mechi anaenda kulala, leo kila mtu mchambuzi. Sasa pale kuna mzee fundi viatu, mtu mkimya kweli, akaweka sindano chini akasema we mtoto hujui kitu, Waingereza walikuwa wanawajaza mashabiki studio tangu miaka ya tisini huko, kipindi kinaitwa Soccer AM, yeye alikuwa anakiona alipokuwa kwa kaka yake London. Tukamwambia haya hebu tusimulie basi, akaanza kucheka peke yake, eti kuna mtu kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja tu basi, eti wachezaji wa ligi kuu wanashindana kugonga mtambaa panya, tukaona mzee anatupiga fiksi.

Nimegugo nikaona kweli kipindi kilikuwepo na kimeshakufa. Kwa wanaojua, kilianzaje, kwa nini watu wanakilia hivyo, na je ni kweli hawa AFTV ni watoto wake? Tupeni nondo, nataka jumatatu nirudi pale nikiwa nimejaa.

---

DadaWaReading

Mdogo wangu huyo fundi mpe heshima yake, hajakupiga fiksi hata moja. Mimi nipo huku Uingereza miaka mingi na jumamosi asubuhi hicho kipindi kilikuwa kama chai, hata mwenye nyumba wangu wa kwanza ambaye mpira alikuwa hajui alikuwa anakiacha kinaongea tu.

Kilianza 1994 Sky Sports. Elewa wakati huo Premier League ina miaka miwili tu, Sky ndio wameinunua, wana chaneli nzima ya michezo halafu jumamosi asubuhi hawana cha kuweka. Watangazaji wa mwanzo hawakudumu. 1995 akaja Helen Chamberlain, dada aliyetokea Nickelodeon ile chaneli ya watoto, 1996 akaungana naye Tim Lovejoy, huyu naye alitokea Big Breakfast ya Channel 4, kile kipindi cha asubuhi cha vurugu vurugu. Unaona hapo, hakuna hata mmoja aliyecheza mpira, mmoja katoka kwa watoto mwingine katoka kwenye vichekesho vya asubuhi. Ndio maana kikawa vile. Kabla yao ukitaka kuongelea mpira kwenye tivii lazima uvae tai na uwe umewahi kucheza.

Helen ni shabiki wa Torquay United. Torquay! Timu ndogo ya pwani kusini magharibi, haijawahi kuonja ligi kuu maisha yake yote. Na hakujificha, na hiyo ndiyo iliwafanya watu wa Rochdale, wa Grimsby, wa Exeter waone kumbe na sisi tupo. Sio kila siku Manchester na Liverpool.

Kipindi kilikuwa saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, masaa matatu mazima laivu. Kila wiki wanaalika mashabiki wa timu moja, wanakaa kwenye jukwaa dogo ndani ya studio, lenyewe limepewa jina la Luther Blissett, yule mshambuliaji wa zamani wa Watford. Wamevaa jezi, wanaimba nyimbo zao, wanamzomea mgeni, halafu wanatolewa nje maegesho ya magari wanapiga mashuti na huko ndiko wanakoumbuka maana mtu kaongea masaa mawili kwamba mshambuliaji wao hajui kitu, ukimpa mpira yeye anapiga hewa.

Kugonga mtambaa panya ni kweli. Iliitwa Crossbar Challenge. Wanaenda kwenye uwanja wa mazoezi wa timu, wachezaji wote wanapanga foleni katikati ya uwanja, kila mtu mpira mmoja, anajaribu kugonga mwamba wa juu kutoka pale. Unaona kiungo wa mamilioni anapaisha mpira unaenda kwa majirani halafu mtunza vifaa mzee mwenye kitambi anaugonga, timu nzima inamkimbilia kama kafunga fainali. Hiyo kitu ilihamia mitaani, watoto wote wa huku wamekua wakicheza hiyo kwenye bustani.

Na muuliza swali moja ni Tubes. Mgeni akija, Tubes anaruhusiwa swali moja tu, mara nyingine analiimba kwa mistari ya rap, na swali lenyewe halina kichwa wala miguu. Kulikuwa na kipengele cha mbwembwe, wanakusanya matobo (mpira kupita katikati ya miguu ya mpinzani) na kanzu (kumpitishia juu ya kichwa) za wiki nzima wanaweka muziki, na kingine mtazamaji anatuma kituko alichokiona nyuma ya picha kwenye mechi, labda mzee kasinzia jukwaani watu wote wamesimama wanashangilia goli. Ndio maana nasema kiliendeshwa na mashabiki, nusu ya kipindi ilitoka kwao.

Lovejoy akaondoka 2007. Akaja Andy Goldstein msimu mmoja, kisha Max Rushden kuanzia 2008 mpaka 2015, halafu John Fendley, wanamwita Fenners, ambaye miaka yote alikuwa nyuma ya kamera huko anaandaa. Helen akaondoka 2017, miaka ishirini na mbili huyo dada kila jumamosi. Cha mwisho kabisa kilirushwa mei 27, 2023.

---

Kibanda_Umiza

sasa mimi mama yangu angeniona nimetoka kwenye tivii napiga hewa maegeshoni si ningehama mji 😂😂

---

Kamau wa Kayole

Niaje watu wangu. Dada amesema poa sana lakini kuna kitu nataka kuongeza, watu wa huku kwetu hawaelewi mbona jumamosi asubuhi ilikuwa kitu kubwa hivyo kwa Waingereza. Sisi jumamosi saa kumi na mbili jioni unaingia mahali unaona mechi zote, hata unachagua. Wao hawaoni! Kuna sheria yao ya kitambo, kutoka miaka ya sitini, mwenyekiti wa Burnley akiitwa Bob Lord ndiye alisukuma hiyo maneno, alisema mechi zikionyeshwa laivu mchana wa jumamosi watu hawatakuja uwanjani. So mpaka leo jumamosi kutoka saa nane na dakika arobaini na tano hadi saa kumi na moja na robo, saa za kwao, hakuna mpira laivu kwa tivii yao. Mechi ya saa tisa inachezwa pale London, mimi Kayole naiona, jamaa anaishi mtaa wa pili kutoka uwanjani haioni kama hana tiketi.

Kwa hivyo Soccer AM ilikuwa ya kupasha moto. Unaamka, unaangalia vichekesho, unavaa jezi, saa sita unatoka unaenda pub halafu uwanjani. Na ikiisha, Sky haohao walikuwa na Jeff Stelling kwa Soccer Saturday, wazee wamekaa kwa meza kila mtu anaangalia mechi kwa skrini yake, mtazamaji haoni mechi, anaona tu uso wa mzee ukishtuka. Hiyo ndiyo tivii watu walilipia, kuangalia mtu akiangalia mpira. Sasa niambie hiyo na hawa wa siku hizi wanakaa mbele ya kamera wakiangalia mechi na kupiga nduru, kina Mark Goldbridge wa The United Stand, ile chaneli ya mashabiki wa Man United, tofauti iko wapi? Ni jambo moja, imeondolewa suti tu.

AFTV nayo ilianza 2012, jamaa anaitwa Robbie Lyle, alisimama nje ya Emirates, uwanja wa Arsenal, na kamera na maiki. Hakuna studio, hakuna mtu wa kukuambia maliza tunaenda matangazo. Kipindi hicho Arsenal haijashinda kitu tangu 2005 na kocha Wenger anagawanya watu katikati, wengine wanataka aende wengine wanamtetea mpaka machozi, so kila wikendi kulikuwa na kesi. Shabiki mmoja, Claude, anamwambia Wenger wakati umefika aende, mwingine, Ty, anasema tulicheza vizuri hata tukipigwa nne. Sisi wa Arsenal huku Nairobi tulikuwa tunaangalia hiyo kabla hata ya marudio ya magoli. Mimi nakubali, niliangalia nikiwa nimefungwa zaidi kuliko nikiwa nimeshinda.

2018 ikabidi wabadilishe jina, kutoka ArsenalFanTV wakawa AFTV tu kwa sababu klabu haikupenda jina lake litumike. Hapo ndipo nilijua hawa watu wamekuwa wakubwa.

---

Babu Kiraka

Mmeanzia katikati vijana. Soccer AM haikudondoka kutoka mbinguni.

Miaka ya themanini shabiki wa mpira Uingereza alikuwa anahesabika mhuni tu. 1985 maafa ya uwanja wa Heysel, 1989 maafa ya Hillsborough, kule Hillsborough watu 97 mpaka sasa wamehesabika kufa, na magazeti na polisi wakawatupia lawama marehemu wenyewe, imechukua miaka zaidi ya ishirini ukweli kutoka. Katika hali hiyo mashabiki walikuwa hawana pa kusemea. Wakaanza kuchapa vijarida vyao wenyewe, wanatoa kopi, wanauza nje ya uwanja kwa sarafu, When Saturday Comes kilianza hivyo 1986 na kipo mpaka leo. Soma vile utakuta matusi, mashairi, utani wa kujicheka wenyewe. Ule utani wote mliouona Soccer AM ulizaliwa kwenye karatasi zile.

Halafu redio. 1991 BBC wakaanzisha 606, Danny Baker anapokea simu za mashabiki, jina ni saa tu, kilikuwa kinaanza saa kumi na mbili na dakika sita jioni. Mtu yupo njiani anatoka uwanjani ana hasira zake anapiga simu. Hiyo ndiyo AFTV ya kwanza kama mnataka mzizi. Na 1994, mwaka uleule wa Soccer AM, BBC2 wakaja na Fantasy Football League, Frank Skinner na David Baddiel wamekaa kwenye kochi kama wako sebuleni kwao, pembeni kuna Statto kavaa pajama anatoa takwimu. Walikuwa wanawachukua wachezaji wastaafu wanarudia nao magoli yao ya zamani kwenye bustani, mtu mzima na tumbo lake anarudia goli la kombe la dunia. Nilicheka sana miaka ile sikatai.

Lakini msiwaambie wenzenu ilikuwa raha tupu. Kipindi hicho cha Skinner na Baddiel kilimwandama Jason Lee, mshambuliaji mweusi wa Nottingham Forest, kwa ajili ya nywele zake, wiki baada ya wiki, wakazifananisha na nanasi, Baddiel akafikia kujipaka rangi usoni kumuigiza. Wimbo ukahamia viwanjani, kijana akienda popote anaimbiwa nanasi. Baddiel alikwenda kumuomba radhi uso kwa uso 2022, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Shabiki ukimpa kipaza sauti anaweza akafanya na hayo, tena akiwa na watu wa kumchekea.

---

mwanjelwa_boy

Duh. Hii ya Jason Lee sikuwahi kuisikia kabisa. Na hii ya sisi kuona mechi wenyewe hawaioni ndio imeniacha hoi, jumatatu naanza nayo hiyo.

Dada wa Reading, je Soccer AM nao walikuwa na mambo kama hayo? Na kwa nini walikifunga kama kilipendwa?

---

DadaWaReading

Walikuwa nayo mdogo wangu, nilikiruka makusudi kwenye posti ya kwanza nikasema nione kama mtu ataniuliza. Kulikuwa na kitu kinaitwa Soccerette. Kila wiki anakuja binti mmoja mrembo kavaa jezi iliyobana, anapita katikati ya studio, mashabiki wanapiga miluzi, anaulizwa maswali yenye ukakasi, basi hiyo ndiyo kazi yake. Miaka ya tisini huku walikuwa na huo utamaduni wa vijana wa kiume, magazeti ya picha za wasichana, bia, bendi ya Oasis. Noel Gallagher wa Oasis alikuwa kama mtu wa nyumbani pale studio, anakuja kuongelea Man City enzi ambazo City ni kichekesho, wapo ligi ya tatu huko. Mimi nilikuwa nikiona ile sehemu natoka kwenda kuweka maji jikoni. Baadaye wakakiondoa hicho kipengele na hakuna aliyekilia ila wachache wa kwenye mtandao wanaosema dunia imekuwa laini.

Kwa nini kilifungwa, watu huku walibishana sana. Mimi naona hivi. Klipu ya mbwembwe zamani unaisubiri wiki nzima, ukikosa jumamosi asubuhi umekosa. Sasa hivi mtu kapiga tobo saa tisa na dakika kumi, saa tisa na dakika kumi na moja ipo kwenye simu yako ina muziki tayari. Shabiki mwenye kichekesho zamani anaandika barua Sky, sasa ana chaneli yake. Yaani vile vipengele vyote vilitoka vikajitegemea kimoja kimoja, kipindi kikabaki kama nyumba watoto wote wameoa. Mpaka mtindo wa wachezaji kutaniana kwenye kamera, leo kila klabu ina timu yake ya video inafanya hivyo hivyo, hawahitaji kumpeleka mchezaji wao kwa Fenners.

Na wachezaji nao walibadilika. Mwanzo anakuja beki wa ligi ya pili macho mekundu hajalala, anasema lolote. Baadaye anakuja na mtu wa klabu kakaa nyuma ya kamera.

Ila walijua kuchagua mtu. Mwishoni Fenners alikuwa na Jimmy Bullard, yule kiungo wa nywele ndefu wa Wigan, Fulham na Hull. Kama hujui kisa chake ndio hiki. Desemba 26, 2008 Hull wako kwa Man City wanapigwa vibaya, kocha wao Phil Brown mapumziko hakuwarudisha vyumbani, akawakalisha chini kwenye nyasi mbele ya mashabiki wao akawafokea kwa kidole kama watoto wa chekechea. Novemba mwaka uliofuata wanarudi uwanja uleule, Bullard anafunga penalti ya kusawazisha, wenzake wote wanakaa chini duara, yeye anasimama katikati anawafokea kwa kidole. Brown mwenyewe akacheka. Mtu wa namna hiyo alizaliwa kwa ajili ya kile kipindi.

---

Mtu wa Brescia

Natoka pembeni kidogo. Mnaongea kama Waingereza ndio wamebuni kelele. Mimi nimeishi Italia na wale jamaa wanawacheka nyote. 1980 chaneli ya tatu ya RAI, shirika la utangazaji la taifa, walianzisha Il Processo del Lunedì, yaani kesi ya jumatatu, na ni kesi kweli. Mechi zimechezwa jumapili, jumatatu usiku watu wanakaa kumhukumu refa. Mtu aliyekifanya kuwa dini ni Aldo Biscardi, nywele nyekundu, Kiitaliano chake chenyewe watu wanakitania. Mezani kuna waandishi lakini kila mtu unajua ni wa timu gani, wa Juve, wa Inter, wa Napoli, wanarukiana wote kwa pamoja, Biscardi anasifika kwa kuwaambia jamani msiongee wote, mwisho wawili au watatu kwa mara moja 😂

Alihama nacho kutoka RAI 1993 akazunguka nacho chaneli nyingine. Kashfa ya Calciopoli 2006, ile ya viongozi wa klabu kuingilia upangaji wa marefa, ikamgusa, simu zake na Moggi, bosi wa Juventus, zilikuwa zimerekodiwa, akaondoka chaneli ya La7. Lakini kuna jambo moja, huyu mzee alipiga kelele miaka na miaka refa apewe marudio ya video uwanjani, wakamuona chizi. Serie A, ligi kuu yao, wakaanza VAR, hayo hayo marudio ya video, agosti 2017. Biscardi alifariki oktoba 8, 2017. Alipata wiki kadhaa za kuangalia.

---

Kamau wa Kayole

Hiyo ya Biscardi imeniweza. Kumbe ndiye wa kulaumiwa juu ya VAR 😂 tumempata.

Babu Kiraka swali la mzizi nakupa. Lakini kuna tofauti moja na usiipite. 606 ni ya BBC, Soccer AM ni ya Sky. Shabiki anaitwa, anakaa anapowekwa, saa sita anaambiwa asante nenda nyumbani. Hata Sky walipokuwa na ile Fanzone, mashabiki wawili mmoja wa kila timu wanatangaza mechi wakitukanana, bado swichi iko kwa Sky. Robbie maiki ni yake na pesa ya matangazo ni yake.

---

Babu Kiraka

Na hasira ni ya nani? Bellerín, yule beki, alipokuwa bado Arsenal alilisema 2018 alipoalikwa kuongea Oxford, kwamba hao AFTV wanakula kwa timu kufungwa, sasa huo ushabiki ni wa aina gani. Wewe mwenyewe umeandika hapo juu uliangalia zaidi ukiwa umefungwa. Sasa mwenye maiki akijua hilo, jumapili asubuhi anaomba nini?

---

Kamau wa Kayole

Babu umenishika shati. Wacha nijitetee kesho, sai nina mechi.

---

Kibanda_Umiza

Kamau amekimbia kama beki wetu wa kushoto

---

mwanjelwa_boy

Mrejesho wakuu. Nimeenda leo asubuhi kabla hata ya kunywa chai. Nikamwambia mzee, Helen wa Torquay, akainua kichwa. Nikamwambia Tubes, akacheka. Nikamuonyesha ile ya Bullard kwenye simu kaiangalia mara tatu, kiatu cha mteja kiko mapajani, mteja kasimama na soksi anasubiri naye akainama kuangalia. Halafu mzee akasema kaka yake mwaka fulani aliwahi kwenda pale studio na mashabiki wa Leyton Orient, akatoka maegeshoni akapiga shuti.

Nikauliza, akafunga? Mzee akachukua sindano yake akaendelea kushona.